Bi Tuta Alivyolikata Tuta Lake

"Soma tena."

"Nimeshasoma mara tatu!"

"Ya tatu ulipiga chafya katikati. Kuna neno lilitoka na ile chafya. Soma tena, baba, mwenzio sikwenda shule."

Karani wa ushirika wa chumvi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akamgeukia Mwenyekiti kwa macho ya mtu anayeomba kupumzishwa. Mwenyekiti alikuwa amejaa kwenye kiti chake, jasho limemchora ramani mgongoni. Aliusukuma mbele kidogo ule mkebe wa wino wa zambarau uliokuwa mezani.

"Shemeji," alisema, akijilazimisha kutabasamu, "wenzako wote wameshatia dole. Limebaki lako tu. Bonyeza hapo, unywe soda yako, uende nyumbani ukapumzike."

"Soda yenyewe ya moto," Bi Tuta akajibu. "Shamba langu mnalichukua kwa soda ya moto?"

Chumba kile kilikuwa ghala zamani, na chumvi haikuwahi kuhama. Ilikuwa imekula sakafu ya saruji, imekula miguu ya meza mpaka mmoja ukasimamishwa juu ya tofali, imekula bawaba za dirisha. Feni ya darini ilizunguka kwa kusitasita, kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.

Karatasi, ukiiondolea mapambo yake, ilisema hivi: mashamba yote ya chumvi yaliyokauka, yasiyofikiwa tena na maji ya bahari, yatamwagiwa kifusi na kuwa uwanja wa kuegesha malori. Kifusi kingeanza kumwagwa kesho asubuhi, na shamba namba nne, la Bi Tuta, ndilo lilikuwa la kwanza. Ubishi wa mwanachama mmoja usingezuia kitu. Ungechelewesha tu. Bi Tuta alilijua hilo vizuri, na kuchelewesha ndiko kulikomleta.

Kwa sababu asubuhi ile, maji yalipokupwa, Bi Tuta alikuwa amelikata tuta la shamba lake. Hakulikata lote. Alichimba kutokea ndani, upana wa mlango wa nyumba, akabakiza upande wa bahari ukuta mwembamba kama kipande cha mkate. Siku hiyo ilikuwa ya bamvua, maji makubwa kuliko yote ya mwaka, na yangefika kilele saa kumi alasiri. Yakishaingia, shamba si kavu tena, na karatasi ya Mwenyekiti haina cha kushika. Lakini mtu akiuona ule mkato kabla ya hapo, magunia thelathini ya mchanga yangetosha kuuziba. Na mtu aliyekuwa na desturi ya kupita pale kila alasiri, kunyoosha miguu na kukitembeza kitambi, alikuwa Mwenyekiti mwenyewe.

Saa ya ukutani ilisema saa tisa kasoro robo. Bi Tuta hakujua herufi hata moja, lakini saa aliisoma kama anavyosoma uso wa mwongo.

"Haya," akamwambia karani. "Polepole. Na chafya ikija, itolee nje."

Karani akaanza upya: "Sisi, wanachama tuliotajwa hapa chini..."

Jina la Bi Tuta hakupewa na wazazi wake. Alilipata kwa jembe. Alipoletwa pale kuolewa, akiwa na miaka kumi na tisa, upande ule wote ulikuwa mikoko mitupu, imeshikana mizizi kama wagomvi walioshikana nywele. Ilikuwa minene hivi kwamba ukimpoteza mbuzi humo, siku ya kumpata unamkuta ana wajukuu. Kaa walikuwa wakubwa mpaka ukimkuta njiani unampisha. Wakubwa wa wakati ule wakaja na magari yao, wakashuka, wakatia kiatu kwenye tope, tope likabaki na kiatu, wakakasirika. Wakasema kinamasi hakina kazi, kinafuga mbu tu. Kikatwe, kizungushiwe matuta, kikaushwe, kizae chumvi.

Mume wake na mdogo wa mume, huyu huyu Mwenyekiti, akiwa bado mwembamba na hajapata hata unywele wa kidevuni, wakashika mashoka. Bi Tuta akashika jembe. Kukata mti kila mtu anaweza, hata hasira inaweza. Tuta ndilo lilikuwa kazi. Unakata tope kwa vipande vya ukubwa wa mto wa kulalia, unapanga, unakanyaga kwa visigino, unapanga tena, wala hewa haipati pa kupita. Matuta ya wenzake yalivuja kama pua za watoto. La kwake, kaa alitoboa siku tatu, siku ya nne akahama mtaa. Ikasemwa kwamba lori lilikatika breki likaligonga tuta la Bi Tuta, na lililopelekwa gereji ni lori. Yeye mwenyewe alikanusha, maana hakupenda uongo. Halikuwa lori, alisema. Ilikuwa trekta.

Chumvi ikatoka. Nyeupe, chungu juu ya chungu, mpaka mchana ukiitazama machozi yanakutoka. Watoto watano alilea kwa chumvi ile. Na mwaka wa kwanza kabisa, mumewe alipigilia nondo ndefu katikati ya shamba ili iwe alama ya kusawazishia sakafu. Aliigonga nyundo mpaka ikakalia mwamba huko chini, kichwa chake kikawa sawasawa na udongo, hata ukipita juu yake hujikwai.

Baada ya miaka michache watu wakaanza kujikwaa.

Nondo ilikuwa imechomoza kidole kimoja. Kisha viwili. Kisha ikafika kwenye kifundo cha mguu. Mumewe akaleta nyundo akaigonga mpaka mikono ikamtetemeka. Haikushuka hata unywele. Uvumi ukatoka kwamba shamba la Bi Tuta ni la ajabu, hata chuma kinaota. Mama mmoja wa mtaa wa pili alikuja kwa adabu zote kuomba kipandikizi, kwa sababu alikuwa anataka kujenga. Sokoni walisema nondo inafika kifuani. Tusiongeze chumvi pale ambapo tayari ipo: ilifika juu kidogo ya goti.

"...lisilofikiwa na maji kujaa kwa kipindi cha miaka minane," karani alisoma, "na hivyo kuhesabiwa kuwa ni shamba kavu..."

"Hapo. Rudia hapo."

"Shemeji, hapo pana nini?"

"Pana neno tamu. Na mimi nina haki ya kulisikia."

Alikuwa amelisikia kwa mara ya kwanza wiki mbili nyuma, karatasi iliposomwa mbele ya wanachama wote. Wengine walisinzia. Yeye aliposikia *kavu*, masikio yakasimama.

Maana kukauka kwenyewe kulikuwa na historia yake. Mvua, ambayo zamani ilikuwa na adabu ya kuja kwa msimu, ilianza kuingia bila hodi. Chumvi iko uwanjani, imebaki siku mbili kuvunwa, mvua hiyo, na kilichobaki ni maji ya kuoshea vyombo. Mwaka wa kwanza wakasema ni mkosi. Mwaka wa nne wakaishiwa maneno. Mume akafariki, watoto wakatawanyika na kazi zao, na Bi Tuta akafunga lango la maji. Shamba likapasuka mipasuko ya kuingiza mguu, na katikati ile nondo imesimama peke yake.

Ndipo akaja Binti wa Ndoo.

Alikuwa mwanafunzi wa chuo, amepanga chumba cha uani kwa Bi Tuta miezi mitatu. Kila asubuhi alitoka na ndoo mbili, mpira mwembamba na kisanduku cha namba, na kila jioni alirudi bila maji. Bi Tuta alimvumilia wiki moja, kisha akamfuata kuona ni ndoo gani hizo zisizochota. Alimkuta amechuchumaa kwenye nondo na utepe wa kupimia.

"Bibi, hii ilikuwa hivi tangu mwanzo?"

"Hapana, imeota. Marehemu mume wangu alikuwa na mkono wenye baraka."

Binti hakucheka. Hilo ndilo lililomfanya Bi Tuta aache mzaha.

"Bibi, nondo haijapanda. Ardhi ndiyo imeshuka."

"Imeshuka imekwenda wapi? Mimi sijaona mtu akitoka hapa na karai."

"Nyingine imejishindilia yenyewe ilipokauka. Nyingine..." Binti akainua kidole juu, kwenye anga jeupe la mchana. "Imekwenda huko."

Kisha akaeleza, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Bi Tuta alisikiliza bila kudakiza. Tope lile, alisema, halikuwa udongo mtupu. Lilikuwa majani na mizizi ya miaka mamia. Mikoko inavuta hewa ya ukaa, inaigeuza kuwa mwili wake. Majani yanaanguka, mizizi inakufa, bahari inavifunika. Ndani ya tope lililolowa hewa haipenyi, kwa hiyo havimalizi kuoza, vinakaa tu, vimefungiwa humo. Likikaushwa, hewa inaingia, kila kitu kinaoza kwa haraka, na ukaa wote unarudi juu kama moshi usioonekana. Huko juu unazuia joto lisitoke. Dunia inatokwa jasho, na mvua zinachanganyikiwa.

Akafunika ndoo kifudifudi juu ya udongo mkavu, akachomeka mpira, akamwonyesha kisanduku. Namba zikapanda mbio kama mita ya maji bomba likipasuka. Wakaenda wote wawili mpaka nyuma ya gati bovu, kwenye kichaka pekee cha mikoko kilichobaki, wakafunika ndoo pale. Namba zilitembea kwa mkongojo.

Bi Tuta alikaa kwenye mzizi.

"Kwa hiyo nimechoma bila moto," alisema. "Miaka thelathini."

"Si wewe peke yako, Bibi."

"Nimekuuliza habari za wenzangu?" Akainua macho angani. "Na ile mvua iliyokula chumvi yangu, nimeialika mwenyewe?"

"Siwezi kusema mvua fulani imetoka kwenye shamba fulani, nitakuwa nakudanganya. Lakini mashamba kama haya yako pwani nyingi sana, na yote yanapumua hivi."

Siku tatu Bi Tuta hakutania mtu. Majirani wakaleta dawa. Siku ya nne aliamka na swali moja: linatibika? Binti akasema maji yakirudishwa tope litafunikwa na kuoza kutapungua; mbegu zitakuja zenyewe, zinaelea mlangoni kila maji yakijaa, zimekosa pa kuingilia tu. Pale katikati palipozama sana, miti itachelewa. Pembeni itaanza.

"Sihitaji kupanda?"

"Huna haja."

Jibu hilo lilimfurahisha kwa sababu yake binafsi. Miaka mitatu mfululizo Mwenyekiti alikuwa amewavisha watu fulana za kijani na kuwapeleka kupanda mikoko ufukweni, mchangani, mbele kabisa ya mawimbi, mahali ambapo hata bibi yake bahari hajawahi kuona mkoko. Walipanda kwa kamba, mistari imenyooka kama vitanda vya hospitali, kwa sababu hapo picha zilitoka vizuri. Kila mwaka mawimbi yaliondoka na miche yote kabla fulana hazijafuliwa mara ya pili.

Binti alirudi chuoni. Bi Tuta akashika jembe. Miezi miwili kabla ya ile karatasi alikuwa tayari ameanza kuliinua tuta la nyuma, la upande wa nyumba za watu, kipande kwa kipande, kisigino kwa kisigino, ili siku maji yakija yasimwamshe mtu kitandani. Watu walisema uzee umempanda kichwani, anajengea shamba lililokufa. Mwenyekiti alimletea hata karai jipya, akamsifu mbele za watu. Alimvika kilemba cha ukoka, naye akakivaa na kuendelea kuchimba.

"Mwisho wa karatasi," karani alisema. Sauti yake sasa ilikuwa kama mlango wa ghala. "Sahihi ama dole gumba."

Saa kumi kasoro dakika kumi na tano.

"Nina swali."

"Hakuna swali!" Mwenyekiti alisimama, kiti kikapiga ukuta. "Shemeji, nakuheshimu. Ulinilea, ulinipikia, sisahau. Lakini umenikalisha hapa kama mtoto wa shule. Lete mkono."

"Mkono wangu una miguu? Uje wenyewe?"

Mwenyekiti akazunguka meza, akamshika kifundo cha mkono, akalivuta lile dole gumba kuelekea kwenye wino. Hapo ndipo alipoliona. Akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha. Chini ya ukucha kulikuwa na tope la kijivu, bichi, linang'aa.

Mwenyekiti alikuwa mnene, lakini hakuwa mjinga, na ujana wake wote aliumaliza kwenye tope. Shamba namba nne lilikuwa halijapata tope bichi kwa miaka minane. Tope la rangi ile lilipatikana sehemu moja tu: kwenye kitako cha tuta, ukilichimba mpaka karibu na bahari.

"Umefanya nini?" aliuliza, taratibu.

Bi Tuta akauvuta mkono wake. Angeweza kusema alikuwa anatafuta chambo. Angeweza kusema alianguka. Uongo wa kila saizi ulikuwepo, na alikuwa fundi. Lakini alijiona amechoka kujificha nyuma ya ujinga wake, na zaidi ya hapo, hakutaka kazi ile idhaniwe ni ya panya.

"Nimelikata," alisema. "Mimi. Kwa jembe lile lile."

Karani aliishusha karatasi.

"Umelikata tuta!"

"Langu. Kanuni uliandika mwenyewe, Mwenyekiti: kila mwanachama atalihudumia tuta lake aonavyo inafaa. Ulipoisoma tulikupigia makofi. Basi nimeona inafaa."

"Karani! Piga simu, waje na magunia! Haraka!"

Karani akagusa shingo yake. "Koo limenikauka, Mwenyekiti. Nimesoma mara nne."

Mwenyekiti akatafuta simu yake mfukoni, ikamponyoka, ikaanguka chini ya meza, na tumbo likamkatalia kuinama. Alipojiinua uso wake ulikuwa umebadilika. Hasira ilikuwa imempa nafasi mtu mwingine, yule mdogo wa mume, yule asiye na ndevu.

"Kaka yangu alikwenda kaburini na mgongo uliopinda kwa ajili ya tuta lile," alisema. "Umemzika mara ya pili."

Maneno hayo yalimpata. Bi Tuta akashika ukingo wa meza, meza ikayumba juu ya tofali lake.

"Na wangu umenyooka?" aliuliza. "Nitazame, shemeji. Mimi na kaka yako tulilijenga kwa akili tuliyokuwa nayo. Hatukujua. Ukiniletea leo mtu aseme nilikuwa mwovu, nitamzaba kibao. Lakini sasa najua. Nimeona kwa macho yangu namba zikikimbia. Ardhi niliyoikanyaga na mume wangu iko juu ya vichwa vya wajukuu zangu inawachoma, na wewe unataka nitie dole ili iliyobaki izikwe chini ya matairi? Wakate na kile kichaka cha nyuma ya gati pia, wapate choo cha madereva? Sitii."

"Watakushitaki."

"Nitakwenda. Sijawahi kuona mahakama, nasikia ina feni nzuri."

"Watakuita kichaa!"

"Mbona walishaniita, nikiwa najenga? Nikijenga kichaa, nikibomoa kichaa. Wachague moja, nijue nivae nini."

Karani alitoa mlio wa ajabu puani, akajifanya anakohoa. Mwenyekiti akageuka mlangoni. Mkato wa tuta ulikuwa mwendo wa dakika tano, dakika saba kwa mtu wa umbo lake, na yeye alijua kuchota mchanga kama wengine wote. Saa kumi kasoro dakika nne. Bi Tuta akasogea, akasimama mbele yake na mgongo ule ule uliopinda, kichwa chake kikafika kwenye kifungo cha tatu cha shati la shemejiye.

"Nipishe."

"Nitoe."

"Shemeji, nipishe, sitaki kukugusa."

"Basi usiniguse. Kaa chini, tuzungumze habari za kaka yako. Unakumbuka siku ile alipo..."

Mlango ukasukumwa kutoka nje, ukamgonga Bi Tuta kisigino. Aliyeingia alikuwa mke wa Mwenyekiti, viatu mkononi, gauni limelowa mpaka kiunoni, na tope la kijivu hadi kwenye viwiko, akitokea kwenye njia ya mkato inayopita katikati ya shamba namba nne, ambalo sasa lilikuwa limejaa maji.